Klachi ya Mashine Nyeusi Ndani ya Mashine ya Njano

La Rochelle, Johannesburg, Jumamosi, Agosti 2013

Upepo wa leo unatoka upande wa malundo ya machimbo, na umeniletea mchanga mpaka ndani ya bakuli la sukari. Agosti ya Johannesburg haina haya. Asubuhi inakugandisha vidole, mchana inakupasua midomo, jioni inakukumbusha kwamba nyumba hizi zilijengwa na watu ambao hawakuamini kwamba baridi ipo. Nimekaa jikoni na koti langu mwilini, hita ya mafuta ya taa iko miguuni. Nina hasira, na nina aibu. Hasira ni yangu ya kila siku, tumezoeana. Aibu ndiyo mgeni, kwa hiyo naiandika haraka kabla sijaitafutia udhuru.

Nilishinda. Na nilikosea.

Naanza na ushindi, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Wanaosoma blogu hii wanajua kwamba nilifundisha fizikia Uvira, Kongo, na kwamba hapa Johannesburg hakuna aliyetaka fizikia yangu, basi nikaipeleka gereji. Mimi na Papa Dieudonné, shemasi wa kanisa moja la Wakongo mtaani Berea na fundi aliyezaliwa na spana mkononi, tunatengeneza skuta za wapeleka chakula. Gereji yetu ni uani kwa mtu, chini ya mabati. Hatuna bango. Tuna jina, na jina linatosha.

Wiki tatu zilizopita lilikuja gari na trela. Alishuka mwanamume wa makamo, blanketi la Kisotho begani, akavua kofia na kuniita "Mme," yaani mama, kwa sauti ya mtu ambaye ameshakataliwa mahali pengine siku hiyo hiyo. Anaitwa Ntate Lebohang, yaani Baba Lebohang. Ametoka milima ya Lesotho, kwenye hoteli ndogo ambako watu wa Johannesburg huenda kuteleza kwenye theluji na kupiga picha. Kwenye trela lake kulikuwa na vitu viwili ambavyo sikuwahi kuviona isipokuwa vitabuni: pikipiki za theluji. Hazina magurudumu. Mbele zina vyuma viwili kama viatu virefu, nyuma zina mnyororo mpana wa mpira kama wa kifaru cha jeshi. Moja ya njano, moja nyeusi, zote kuukuu, kampuni moja lakini toleo tofauti.

Ile ya njano ilikuwa na injini nzima na klachi iliyopasuka. Ile nyeusi ilikuwa na klachi nzima na injini iliyokufa.

Mtoto wa darasa la nne angejua la kufanya.

Lakini Ntate Lebohang alikuwa ameanzia kwenye duka kubwa kaskazini mwa jiji, lenye sakafu unayoweza kulia chakula juu yake. Kijana wa kaunta hakutoka hata nje kulitazama trela. Alifungua kompyuta, akasema toleo hili halitengenezewi tena spea, na klachi ya toleo lingine haiingiliani, na atakayejaribu atapasua injini. Akampa karatasi yenye picha ya mashine mpya.

"Haiingiliani." Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote! Vyeti vyangu haviingiliani na vya kwao. Kifaransa changu hakiingiliani na ofisi zao. Anayelisema mara nyingi hajapima chochote. Ameambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa, na mwisho wa mnyororo huo kuna mtu anayetaka ununue kipya. Orodha ya muuzaji imeandikwa ili kuuza. Kutengeneza ni habari nyingine.

Na kulikuwa na jambo zito zaidi ya kiburi changu. Mashine ya namna hiyo ndiyo inayovuta sleji, kile kitanda cha kuteleza juu ya theluji, kule juu: inashusha waliovunjika miguu, inapandisha unga na makaa ya mawe kwenye mabanda ya wafanyakazi theluji ikifunga njia. Dereva wake ni Ntate Lebohang. Mwenye hoteli alikuwa amemwambia wazi: mashine isipovuta kufikia mwisho wa mwezi, zote mbili zinauzwa skrapu, na atakodi mashine nyingine inayokuja na dereva wake. Ana miaka kumi na minne kazini. Hana kazi nyingine kule mlimani, labda kuchunga kondoo wa watu.

Nikamwambia, "Ntate, acha mashine. Rudi Jumatano."

Papa Dieudonné alinivuta pembeni. "Weye Mama Neema, umesha kuona hii kitu hata siku moja?"

"Wewe umeona skuta?"

"Elfu."

"Basi ndiyo hiyo hiyo, imenenepa."

Na ni kweli. Klachi ya mashine hii haina pedeli wala gia. Ni sahani mbili za chuma kwenye shafti ya injini, na mkanda wa mpira unaopita katikati. Ndani yake kuna vyuma vitatu vidogo vilivyopinda, sisi tukaviita vidole. Injini ikizunguka kwa kasi, vidole vinajirusha nje, vinazibana sahani, mkanda unapanda, na mashine inakwenda. Skuta inafanya hivyo hivyo kwa vigololi. Nimeifundisha nguvu hiyo ubaoni kwa miaka kumi na moja, kwa ndoo ya maji na kamba.

Swali lilikuwa moja: je, tundu la klachi nyeusi linakaa sawasawa kwenye shafti ya njano? Shafti hiyo imechongwa kama koni. Koni ikitofautiana hata kwa unywele, klachi inacheza, na klachi inayocheza kwenye kasi ile ni bomu. Mafundi wenye duka wana rangi yao maalumu ya kupima. Mimi nilifungua mkoba nikatoa rangi ya mdomo.

Papa Dieudonné alifunika macho. "Mama Neema! Rangi ya mudomo ku mashine? Na mi ni shemasi!"

"Shika shafti, shemasi."

Nikaipaka koni rangi nyembamba, tukaisukuma klachi kwa mkono, tukaizungusha kidogo, tukaitoa. Ndani ya tundu, nyekundu ilikuwa imegusa pande zote, juu mpaka chini, bila pengo. Nikapima upana wa mkanda kwa venia, ile rula ya chuma yenye meno ya kubana: sawa. Nikapima umbali kati ya klachi ya mbele na ya nyuma: tofauti ya unene wa washa mbili, zile pete bapa za chuma. Tukaweka washa mbili. Tukafuta rangi yote kwa thina mpaka chuma kikalia, tukafunga.

Haiingiliani, walisema.

Papa Dieudonné, ambaye hawezi kuona spana bila kuona mahubiri, akasimama akatabasamu. Akasema hii ni sisi, Mama Neema, sisi nasi tulitoka mu mashine ingine, na tumekaa vizuri mu hii. Nikamkatalia hapo hapo, na namkatalia tena hapa kwa maandishi. Mimi si spea. Sikuja nchi hii kuziba pengo la klachi ya mtu, na sihitaji kupimwa kwa rangi ili nionekane nafaa. Klachi ni klachi. Mtu anayehitaji mfano ili aone mkimbizi ni binadamu, mwacheni na mfano wake.

Sasa aibu.

Tulipoifungua ile klachi nyeusi kuisafisha, nilikuta vidole vyake vitatu vimetobolewa. Kila kidole kilikuwa na matundu mawili, yaliyopigwa kwa drili ya mkono, hayakunyooka hata kidogo. Nilicheka. Ntate Lebohang alikuwa amesimama pale, siku hiyo amerudi kuangalia kazi, na mimi nikakiinua kidole kimoja kwenye mwanga, nikasema kwa Kiingereza ili kila mtu uani aelewe: "Nani huyu mpumbavu aliyetoboa chuma kizima kama filimbi?"

Ntate alitazama viatu vyake.

Nikachukua vidole vya ile klachi ya njano iliyopasuka, ambavyo vilikuwa vizima, vizito, vyenye alama ya kiwanda, nikavifunga ndani ya klachi nyeusi. Vilikaa bila shida. Nikajisifu kwamba nimechanganya matoleo mawili mara mbili kwa siku moja.

Vile vilivyotobolewa nikavitia kwenye mfuko wa plastiki na kumpa. Sisi mafundi wa kigeni hapa tuna sheria hiyo, haijaandikwa popote na hakuna anayeivunja: kila kilichotolewa kwenye mashine kinarudi kwa mwenyewe, hata kama ni skrubu iliyooza. Maana siku utakayotupa takataka ya mteja, kesho yake utasikia makwerekwere, ndilo tusi letu wageni hapa, wamemwibia spea. Kwa hiyo mfuko ukaenda chini ya kiti cha mashine.

Kesho yake alfajiri tuliipeleka kwenye uwanja wa mpira uliokuwa na umande ulioganda, tukaumwagia ndoo nane za maji ili mnyororo usiungue, na mimi nikapanda, maana aliyefunga ndiye anayepanda kwanza. Eish! Iliruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Watoto wa mtaa walitoka na sare za shule kutazama. Binti yangu Neema, ambaye Kiswahili anakisikia lakini ananijibu kwa Kiingereza, aliniambia nimeonekana kama kichaa na kwamba marafiki zake wamenipenda. Ntate Lebohang alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akapakia, akaondoka.

Niliandika hapa jioni ile. Mlisoma. Mlipiga makofi.

Alhamisi ya wiki hii akapiga simu. Tunaongea Kiingereza chenye Kisotho na Kizulu ndani yake, nakiandika hapa kwa lugha yetu.

"Mme, mashine haivuti."

"Haivuti namna gani?"

"Inaondoka vizuri hapa chini. Nikiifunga sleji na kupanda, inazama. Injini inalia kama mtu aliyebeba gunia akashikwa na kikohozi. Nimeisukuma kwa miguu, mbele ya wageni."

"Na bosi?"

"Bosi amecheka. Amesema duka lilishatuambia. Gari la skrapu linakuja Jumatatu."

Nilimwambia aangalie mkanda. Mzima. Plagi. Safi. Mafuta. Safi. Nikamwambia nitampigia, nikakata, nikakaa kwenye tairi uani. Papa Dieudonné akaniletea chai akarudi kwenye skuta zake.

Ningeweza kwenda kuitazama kwa macho yangu. Ni mwendo wa nusu siku tu. Lakini karatasi yangu ya ukimbizi inaniruhusu kuishi upande huu wa mpaka, hainiruhusu kuvuka na kurudi. Nikivuka kwenda kurekebisha kosa langu, sirudi kwa binti yangu. Kwa hiyo mashine niliyoifunga kwa mikono yangu ilikuwa inakohoa mlimani, na mimi nilikuwa nimefungiwa bondeni na muhuri. Nilitukana. Sitaandika nilichotukana.

Jana asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani hapa, nikisubiri kuvuka kwenda kununua mkate. Lori la mchanga lilikuwa linapanda kilima, limelemewa, dereva anashusha gia. Na nikakumbuka malori ya kwetu yanayotoka Uvira kando ya ziwa kwenda nyanda za juu, jinsi yanavyopoteza nguvu kadiri yanavyopanda, na jinsi nilivyowaeleza wanafunzi wangu sababu yake: juu hewa ni nyepesi, injini inapata pumzi kidogo, inatoa nguvu kidogo.

Injini yenye nguvu kidogo haiwezi kuzungusha vidole vizito kwa kasi yake. Vidole vizito vinabana mapema, mkanda unapanda kabla ya wakati, injini inazama. Dawa yake ni kupunguza uzito wa vidole.

Unapunguzaje uzito wa chuma?

Unakitoboa.

Nilisimama pale mpaka robot ikabadilika mara mbili. Mwanamke mmoja akaniuliza kama naumwa. Naam, dada, nilikuwa naumwa.

Nilipiga simu hapo hapo barabarani. "Ntate, vile vidole vyenye matundu viko wapi?"

"Chini ya kiti, Mme. Kwenye mfuko wako."

"Vinatakiwa kurudi ndani. Nisikilize vizuri, kuna springi yenye nguvu, ukifungua bolti moja moja mpaka mwisho kifuniko kitakurukia usoni. Kwanza weka alama ya rangi kwenye kifuniko, kirudi pale pale kilipokuwa. Halafu fungua bolti zote kidogo kidogo kwa zamu, halafu..."

"Mme."

"Subiri nimalize. Halafu unashikilia..."

"Mme, naijua. Nimeshaifungua mara nyingi. Unadhani yale matundu yaliingiaje?"

Nikaibana simu sikioni, nikamwacha aeleze.

Yeye ndiye aliyeyatoboa. Miaka mingi iliyopita, ile nyeusi ilipokuwa ndiyo inayovuta sleji na ile ya njano ikiwabeba tu wageni kwenye tambarare. Alikuta nyeusi inazama kwenye mteremko, hakuwa na kitabu wala duka, akakaa na drili ya mkono, akitoboa kidogo na kupanda, akitoboa tena na kupanda, mpaka ikavuta. Majaribio hayo mimi ningeyaita fizikia kama yangefanywa na mtu mwenye koti jeupe.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Uliuliza nani mpumbavu," akasema taratibu. "Nikadhani injini ya njano inavitaka vizito. Nikaona nisijibu."

Hakusema kwa uchungu. Ingekuwa afadhali angesema kwa uchungu.

Jamani. Mimi! Mimi ambaye nimeandika hapa mara ngapi juu ya watu wanaodharau kazi ya mkono kwa sababu haina muhuri. Mimi ambaye nimewatukana vijana wa kaunta kwa kutotoka nje kutazama. Nilikitazama kile chuma, nilikishika, nikakiinua kwenye mwanga, na sikukiona. Niliona matundu yasiyonyooka nikadhani nimeona ujinga. Kijana wa kaunta alitegemea kompyuta yake, mimi nikategemea alama ya kiwanda. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakumtukana mtu mbele ya watu.

Nilimwomba radhi. Si kazi ninayoijua, na nilitaka kuifanya kwa maneno mengi, lakini mtandao wa mlimani ulikuwa unakatika, ikabidi niseme moja tu: nilikosea, Ntate, na nilikutukana. Akasema, "Sharp, Mme," yaani sawa. "Sasa niache nifanye kazi."

Akakata.

Leo saa nne asubuhi simu ililia. Sauti ya kwanza haikuwa yake, ilikuwa ya injini, amenishikia simu karibu, na sihitaji kuona: ilikuwa inalia juu, safi, bila kikohozi. Amepanda na sleji yenye magunia manne ya makaa mpaka banda la juu kabisa, akashuka, akapanda tena. Mara ya pili bosi mwenyewe alikuwa amekaa nyuma. Gari la skrapu limeambiwa lisije. Ntate Lebohang anabaki na kazi yake.

Injini ya njano, klachi ya nyeusi, na vidole vya mtu aliyepima kwa mlima wenyewe.

"Na bosi anasema nini?" nikauliza.

"Anasema ni bahati." Akacheka, kicheko cha kwanza kukisikia kutoka kwake. "Halafu anataka barua. Iseme sehemu za matoleo mawili zimefungwa na fundi, ni salama, na fundi huyo ni nani. Kwa ajili ya bima. Anasema uitie saini wewe, Mme, kwa sababu wewe ulisoma."

Kwa sababu wewe ulisoma. Basi ndivyo hivyo. Jana nilikuwa mkimbizi wa uani aliyeharibu mashine, leo mashine inavuta, nimekuwa msomi. Na aliyekaa na drili kwenye baridi ile, ambaye kila siku atabeba watu juu ya kazi yake mwenyewe, hahitajiki kwenye karatasi. Bosi yule amekaa nyuma ya mgongo wake mlima mzima na bado anatafuta fundi ni nani.

Papa Dieudonné ananishauri nisaini tu, yaishe. Anasema Ntate amepata anachotaka, kwa nini nimtafutie vita? Ni swali la haki, nimelipeleka kwa mwenyewe. Nilimpigia tena nikamwuliza kama jina lake kwenye barua litamletea matatizo. Akanitajia jina lake la ukoo, herufi kwa herufi, polepole, akahakikisha nimeandika vizuri.

Barua iko hapa mezani. Nimeiandika kwa Kiingereza kilichonyooka, aya tatu. Ya kwanza inaeleza koni, washa na mkanda, na chini yake kuna jina langu na la Papa Dieudonné. Ya pili inaeleza kwamba vidole vilipunguzwa uzito kwa ajili ya mwinuko ule, kwamba bila hivyo mashine haifai kuvuta sleji, na kwamba fundi aliyegundua na kufanya hivyo ni Ntate Lebohang, jina lake kamili, dereva. Ya tatu inasema kwamba fundi wa La Rochelle alivitoa vidole hivyo kwa kutojua, na fundi wa mlimani akavirudisha.

Aya hiyo ya tatu nimeifuta mara mbili na kuiandika mara tatu. Inakaa.

Jumatatu naituma. Bosi akisema barua namna hiyo haifai, alete anayejua zaidi, aje atutazame machoni sisi watatu na aeleze ni kipi kati ya hivyo si kweli. Anajua kwa kumpata mmoja wetu. Yuko hapo hapo kwake, ameshika usukani.